Fidla na Zeze: Kipawa ni cha Nani?

Yako maswali ambayo huanza kama mambo madogo ya nyumbani, nayo yakichunguzwa huonekana kuwa makubwa kuliko nyumba yenyewe. Mzazi akiuliza, "Mwanangu ashike lipi na aache lipi?" aghalabu hudhani anauliza habari ya ratiba ya jioni na ada ya mwalimu. Kumbe anauliza habari ya kipawa: ni nani aliyekitoa, ni nani aliyekishika, na ni nani mwenye haki ya kukidai. Leo twataka kulitazama swali hilo kwa mfano mmoja, mfano wa kijana apigaye muziki wa namna mbili.

Na tumweke kijana huyo Sanya Juu, katika wilaya ya Siha, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro. Hatumtaji jina kwa kuwa si mtu fulani, bali ni mfano tuliouunda ili jambo lenyewe lionekane wazi. Mahali pake tumepachagua makusudi. Sanya Juu iko kwenye njia itokayo Boma Ng'ombe kwenda mashamba makubwa ya West Kilimanjaro. Sokoni pake Mchagga wa mgombani hukutana na Mmaasai wa nyikani, pamoja na watu wa makabila mengine waliokuja kutafuta kazi mashambani wakabaki. Mtoto akuliaye mahali kama hapo husikia lugha nyingi na nyimbo nyingi, wala haoni ajabu.

Kijana wetu ana umri wa miaka 16, naye ni Mchagga wa Siha. Zeze alifundishwa na mzee jirani, mtu wa Ugogo aliyefika ujanani kufanya kazi katika mashamba ya ngano akazeekea huko. Fidla, au vayolini kama wasemavyo vijana, alifundishwa na mwalimu wa kwaya kwa kusoma nota. Jioni moja huketi kwa mzee akipiga nyimbo zisizoandikwa popote. Jioni ya pili husimama mbele ya karatasi akipiga mazoezi ya Vivaldi. Amekwisha kushinda mara mbili katika mashindano ya vijana, na utamu wa kushinda ameuonja.

Nyumbani kwake shauri halijakatwa. Babaye husema, "Mshika mbili moja humponyoka; achague fidla, ndiyo yenye cheti." Shangazi yake husema, "Mwacha asili ni mtumwa; hayo ya karatasi ni ya wageni." Methali zote mbili ni za kweli. Lakini methali ni kama dawa: yafaa kwanza kuujua ugonjwa.

Tuanze na neno la baba. Je, mambo haya ni mawili kweli? Fidla tuijuayo leo, yenye nyuzi nne, ilipata umbo lake katika Italia ya kaskazini katika karne ya 16. Haikuanza kama chombo cha wakubwa peke yao, kwani ilipigwa katika ngoma na harusi. Hata ilipoingia katika majumba ya wafalme haikuisahau miguu ya wachezaji. Johann Sebastian Bach aliandika nyimbo za fidla isiyosindikizwa na chombo kingine, kazi aliyoinakili kwa mkono wake mwaka 1720. Ndani yake umo mfululizo wa nyimbo tano ambazo zote zina majina ya ngoma: alemanda, korente, sarabanda, giga na chakona. Mwanafunzi wa leo huzipiga kwa heshima kuu ukumbini, watu wakiwa kimya. Lakini mizizi yake ni ngoma zilizochezwa na watu wa nchi. Basi, muziki uitwao wa kitabu ni mjukuu wa muziki wa uwanjani, na mjukuu hana haki ya kumcheka nyanya yake.

Huko Marekani jambo hili laonekana waziwazi, kwa kuwa chombo ni kimoja, bali majina mawili. Mpigaji wa nyimbo za kale za mashambani na mpigaji wa okestra hushika fidla ile ile. Tofauti imo katika mkono na katika sikio. Mark O'Connor, aliyezaliwa mwaka 1961, alishinda mashindano ya taifa ya wapiga fidla wa mtindo wa kale huko Weiser, Idaho, akiwa kijana, akaendelea kushinda mara kadhaa. Baadaye, katika miaka ya 1990, alitunga kazi ya fidla na okestra, akaipiga pamoja na okestra kubwa za nchi yake. Hakulazimika kukata mkono mmoja ili mwingine uishi.

Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari kuu ili kupata ushahidi. Ule mkondo wa Zanzibar watosha. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa huko mwaka 1905, na fidla ikawa miongoni mwa vyombo vya taarabu pamoja na udi na ganuni. Huko ukumbini hupigwa kwa utulivu, wapigaji wakishikana kama nyuzi za mkeka. Lakini fidla hiyo hiyo hutoka nje ikaingia katika kidumbak, muziki wa harusi wenye ngoma mbili ndogo, sanduku lenye uzi mmoja, vijiti na cherewa. Na hapo mpigaji mmoja wa fidla hubeba mzigo wote wa sauti, akichochea wachezaji saa baada ya saa. Makame Faki, aliyejulikana kwa jina la Sauti ya Zege, aliimba katika Culture Musical Club, chama kikubwa cha taarabu, naye pia aliongoza kikundi cha kidumbak akipiga fidla. Wala hatukusikia kwamba moja ilimponyoka.

Hata hivyo tusimdanganye kijana. Kazi ya kushika mbili ni kazi maradufu. Zeze la Kigogo hupigwa bila karatasi. Sikio ndilo kitabu, na mzee ndiye mwenye funguo za kitabu hicho. Sauti yake yenyewe ya mkwaruzo, ambayo mwalimu wa fidla angeiita kosa, ndiyo uzuri wake. Fidla ya nota yadai kidole kikae mahali pake bila kukosea unywele mmoja, na upinde uende sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Mwenye kuleta desturi za huku kule bila kufikiri huharibu kote. Kwa hiyo methali ya baba yatufundisha jambo lifaalo, ila si lile alilokusudia. Haisemi kwamba moyo hauwezi kubeba miziki miwili. Yasema kwamba mkono uliolegea hauwezi kushika hata mmoja.

Sasa tuje kwa shangazi. Mwacha asili ni mtumwa, ndiyo. Lakini asili ya kijana huyu ni ipi? Yeye ni Mchagga, na zeze alipigalo ni la Ugogo. Tukihesabu kwa damu, zeze nalo ni la wageni kwake. Basi kama neno "asili" lina maana katika habari ya kipawa, haliwezi kuwa na maana ya damu tu. Sisi twaona kwamba asili ya kipawa ni mkono uliokufundisha. Mzee aliyekaa nawe miaka minne bila malipo, akakuonyesha namna ya kukaza uzi na kungoja sauti itulie, huyo ndiye asili yako katika jambo hilo. Vivyo hivyo mwalimu wa kwaya aliyekuazima fidla yake mwenyewe. Kuiacha asili, basi, si kujifunza la pili. Kuiacha asili ni kumwonea haya aliyekufundisha la kwanza.

Hapo ndipo penye hatari ya kweli. Yuko kijana ajifunzaye fidla ili apate dirisha la kutazamia dunia pana, na yuko ajifunzaye ili apate kilima cha kusimama awadharau wenzake. Wa kwanza hurudi kwa mzee na masikio makali zaidi. Wa pili hupita mbele ya nyumba ya mzee akijifanya hakumwona. Nota walizosoma ni zile zile. Tofauti haimo katika nota.

Na tukumbuke ya kwamba zeze halikuhitaji kuonewa huruma na mtu. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, alisikiwa na Mwalimu Nyerere akaitwa Dar es Salaam. Baadaye alifundisha Bagamoyo, akapeleka zeze na marimba katika majukwaa ya Ulaya na Asia. Alikwenda akiwa Mgogo, akarudi akiwa Mgogo. Walimwengu hawakumheshimu kwa sababu aliiga chao, bali kwa sababu alikijua chake mpaka kina.

Kanisa nalo lilipita katika darasa hili, wala si aibu kulisema. Mwaka 1903 Papa Pius wa 10, akitaka kuusafisha muziki wa ibada, alikataza piano na ngoma na vyombo vingine vya kelele ndani ya kanisa. Miaka 60 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati yake juu ya liturujia, ukaagiza kwamba katika nchi za misioni muziki wa asili wa watu upewe heshima yake na nafasi yake. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Ikiwa mama mwenye umri wa karne nyingi alikubali kulitazama upya swali la vyombo, baba mmoja wa Sanya Juu hatapungukiwa na heshima akilitazama tena.

Tumeona, basi, kwamba miziki miwili si mabwana wawili. Lakini bwana wa pili yuko, naye hatumii nota wala uzi. Jina lake ni ushindi. Sasa twafika penye kiini cha jambo.

Mashindano si kitu kibaya. Huko Usukuma, baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vimeshindana kwa vizazi vingi. Hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule avutaye watu wengi zaidi. Hapana karatasi ya alama. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alipoanzisha sherehe ya Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950, wakati wa sikukuu ya Mwili wa Kristo, hakuyafuta mashindano hayo; aliyapa uwanja. Shindano humwamsha mvivu, humfundisha mtu kutetemeka na bado akasimama, na humwonyesha kwamba yuko mwingine aliyefanya kazi kuliko yeye. Hayo ni mafunzo mema.

Lakini Usukuma huo huo watuonyesha upande wa pili. Kwa kuwa umati ndio mwamuzi, vyama hivyo vilitafuta kila njia ya kuuvuta, na waganga wakatafutwa ili dawa zao zilete watu. Ngoma ikawa haitoshi. Na wale wa Weiser tuliowataja, ingawa wako mbali mno na Usukuma, walikutana na kishawishi cha ukoo huo huo. Kila mshindani hupiga nyimbo tatu katika dakika nne, na sheria zimekuwa zikikataza mbwembwe na michezo ya kustaajabisha watu. Kwa nini sheria hiyo? Kwa kuwa waliona kwamba mtu akitaka sana kushinda hufika mahali akaacha kupiga wimbo, akaanza kujipiga mwenyewe kama ngoma. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Mwenye kisu huhitaji kinoo. Asiyenoa hukata kwa shida, na nyama huchanika. Lakini hapana mtu aliyepata kukaribisha wageni akawaandalia kinoo sahanini. Mashindano ni kinoo. Chakula ni wimbo wenyewe, umfikiao mtu siku ya harusi, siku ya mavuno, au jioni ya mgonjwa asiyepata usingizi. Kijana aliyeishi kwa kushindana tu amenoa kisu mpaka kikaisha, na hakuna aliyekula.

Tulijaribu wazo hili kwa tukio gumu, maana wazo lisilojaribiwa ni maneno matupu. Tuseme kijana wetu alimwahidi mzee kupiga zeze katika harusi ya mjukuu wake, siku ya Jumamosi. Wiki moja kabla, habari zinakuja kwamba mashindano makubwa yatakayofanyika Moshi mjini yamesogezwa, nayo yataangukia Jumamosi hiyo hiyo. Mshindi atalipiwa masomo ya muziki. Hili si jambo la kombe la bati la kuwekwa juu ya kabati. Ni mlango ambao huenda usifunguke tena. Afanye nini?

Baba atasema, "Harusi zipo kila mwezi. Mpigie mzee simu, atafahamu." Shangazi atasema, "Ahadi ni deni. Mashindano yapo kila mwaka." Sisi twaona kwamba kila mmoja wao ameshika nusu ya ukweli, na wote wawili wamemruka mtu mmoja, yaani mzee mwenyewe.

Ahadi ilitolewa kwa mzee. Haki ya kuilegeza, basi, iko mikononi mwa mzee, si mikononi mwa kijana wala ya baba. Kumpigia simu na kumwambia, "Sitakuja, nadhani utafahamu," ni kujipa ruhusa mwenyewe na kuivika nguo za heshima. Ruhusa haichukuliwi, hupewa. Kijana na aende kwa miguu yake. Na aseme, "Shikamoo, babu," na baada ya "Marahaba, mjukuu wangu," aeleze habari yote bila kuficha, hata kutamani kwake. Kisha anyamaze. Hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu mzee aweza kusema, "Nenda, mwanangu, na ushinde," na pia aweza kusema, "Nilikuhesabu wewe, wala sina mwingine." Aendaye kuuliza akiwa amekwisha kukata shauri moyoni hakuuliza kitu.

Na mzee akisema, "Sina mwingine"? Basi twasema, ingawa kwa shida, kwamba kijana abaki akapige. Hatusemi hivyo kwa kuwa masomo ni kitu kidogo. Twasema hivyo kwa sababu kipawa alichotaka kukipeleka Moshi kilitoka katika nyumba ile, na mti hauwezi kuzaa vizuri huku ukiikata mizizi yake wenyewe. Fundi asiyeaminika huongeza ustadi kila mwaka, na kila mwaka watu wamwitao hupungua.

Na kama amekwisha kwenda bila ruhusa? Wachagga wana jani la isale, ambalo mtu hulishika mkononi aendapo kuomba amani kwa aliyemkosea. Na alichukue, aende. Kombe lisimzuie.

Lakini twawaomba wazee nao wasikilize, kwa maana deni hili lina pande mbili. Kijiji chaweza kula kipawa cha mtoto kama nzige. Kila harusi yamtaka, kila msiba wamtaka, kila mgeni aletwaye nyumbani huambiwa, "Huyu ndiye mpigaji wetu, hebu apige kidogo." Hakuna aulizaye kama amelala, kama amesoma, kama uzi umekatika na ni nani atakayenunua mwingine. Husemwa, "Mcheza kwao hutunzwa"; na tuulize, je, twamtunza? Mwenye kudai ahadi lazima naye ajue kufungua mkono. Mzee ampendaye mwanafunzi kuliko sifa ya harusi, akiweza kumwachia, atamwachia. Na siku hiyo atakuwa amemfundisha wimbo mkubwa kuliko zote. Ila uungwana huo hauna maana kama ulinyang'anywa.

Kipawa, basi, ni cha nani? Si cha baba mwenye kulipa ada, ingawa ana haki ya kuulizwa. Si cha kijiji, ingawa kijiji kilikilea. Wala si mali ya kijana mwenyewe, kwa kuwa hakujiumbia vidole vile wala sikio lile. Kipawa ni amana. Na mwekewa amana ana wajibu mbili zisizotengana: asiiache iharibike, na asiifanye kuwa yake peke yake. Wajibu wa kwanza wamtuma kwa mwalimu, kwenye nota, na hata kwenye mashindano. Wajibu wa pili wamrudisha kwa mzee, harusini, na kwa jirani asiye na cha kumlipa. Padre Antonio Vivaldi, ambaye kijana wetu hupiga mazoezi yake, aliusikia umaarufu wake ukienea Ulaya nzima. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Venezia, katika nyumba iliyolea wasichana walioachwa na wazazi, akiwafundisha fidla na kuwatungia nyimbo.

Kwa hiyo, wazazi wapenzi, mtoto akileta nyumbani vyombo viwili, msiharakishe kumwamuru atupe kimoja. Mwulizeni kwanza: nani alikufundisha hiki, na lini ulimsalimu mara ya mwisho? Walimu, mpelekeni mwanafunzi kwenye mashindano, lakini akirudi msimwulize tu alipata nafasi ya ngapi. Mwulizeni pia ni wimbo gani wa mwenzake uliomgusa. Asiyeweza kuutaja hakusikiliza, na asiyesikiliza bado hajawa mpiga muziki.

Nawe kijana, piga vyote viwili, ukiwa na nguvu ya kuvibeba. Noa kisu chako. Kisha kumbuka kwamba kule Sanya Juu, nyuma ya migomba, yuko mzee aketiye kizingitini jioni na zeze magotini, akisikiliza kama kuna hatua za mtu njiani.